Kujenga bangalo la kisasa Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mpango na bajeti

Watu wengi huanza safari ya ujenzi wakiwa na picha ya nyumba kwenye simu. Picha haionyeshi udongo ulio chini yake, haionyeshi majitaka yanaelekea wapi, wala haisemi nyumba ile ilisimama bila madirisha kwa muda gani mwenyewe akitafuta pesa. Majibu haya ni ya mtu mwenye ploti Nairobi au viunga vyake, au anayekaribia kuinunua, na ambaye pesa zake zina kikomo. Bei zilizotumika kwenye mahesabu ni za mfano. Badala yake weka zile utakazopata kwenye hadiwea na kwa mafundi wa huko unakojenga.

Nianze na ramani au nianze na pesa?

Anza na pesa. Ukianza na ramani utaipenda, na ukishaipenda utailazimisha bajeti ikubali. Andika kwanza jumla unayoweza kuitoa bila kugusa karo, kodi ya unakoishi sasa na akiba ya ugonjwa. Kisha toa yale yasiyo nyumba yenyewe.

Tuseme una milioni 6, na ploti ulishailipia. Weka kando 600,000 za dharura, yaani asilimia 10. Weka 300,000 za wataalamu na vibali. Weka 900,000 za kazi za nje: ukuta wa ploti, geti, tangi la maji, majitaka na kuingiza stima. Zinabaki milioni 4.2. Ukikadiria 45,000 kwa kila mita mraba, unapata nyumba ya mita mraba 93, takriban futi mraba 1,000. Ndani yake vyumba vitatu vya kulala vya kiasi vinaingia vizuri msanifu akibana korido. Aliyegawanya milioni 6 yote kwa 45,000 anaona mita mraba 133, na huyo ndiye nyumba yake hukwama kwenye linta, lile zege la juu ya madirisha na milango.

Angalia pia kipimo unachotajiwa. Fundi mmoja atazungumza kwa futi mraba, mwingine kwa mita mraba. Mita mraba moja ni futi mraba 10.76, kwa hiyo 45,000 kwa mita ni kama 4,180 kwa futi. Andika kipimo kando ya kila bei unayopewa.

Kwa nini kila mtu ananitajia bei tofauti kwa mita mraba?

Kwa sababu kila mmoja anahesabu vitu vyake. Kuna anayetaja gharama ya kufikia paa tu. Kuna anayejumlisha vigae na rangi lakini anaacha kabati. Mwingine anahesabu mpaka kabro, yaani matofali ya kutandika uani. Bei ya mita mraba inafaa kukuonyesha ukubwa wa nyumba unaoweza kuumudu, basi. Kazi ikikaribia, mlipe mkadiriaji majenzi akuandalie BQ, ile orodha inayotaja kila kitu, kiasi chake na bei yake. Watu huiona kama gharama ya ziada. Mimi naiona kuwa karatasi yenye faida kuliko zote kwenye faili lako, kwa sababu ukiwa nayo unaweza kuwapa mafundi watatu kazi ileile waiwekee bei, ukalinganisha mstari kwa mstari. Bila BQ unalinganisha ahadi.

Ploti yangu ina udongo mweusi. Itanigharimu kiasi gani zaidi?

Hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kununua ploti, na ndilo linalobadilisha bajeti kuliko rangi, vigae au kabati. Upande wa mashariki na kusini, kuanzia Embakasi na Utawala hadi Syokimau, Athi River na Kitengela, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa pamba. Upande wa Kiambu na Kikuyu ni udongo mwekundu. Udongo mweusi hufura ukinywa maji na kunywea ukikauka. Wakati wa jua kali utauona umepasuka nyufa ambazo mkono unaingia. Nyumba iliyokalishwa juu yake bila matayarisho huinuliwa na kushushwa kila msimu, na nyufa hizo huhamia kwenye kuta, hasa kwenye pembe za madirisha.

Dawa ya kawaida ni kuuchimba na kuutoa wote chini ya nyumba mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha kujaza mawe na moramu kwa tabaka, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa. Sasa hesabu. Nyumba ya mita mraba 93, ukiongeza nafasi ya kama mita moja kila upande, inakupa eneo la mita mraba 136 hivi. Ukichimba mita moja tu kwenda chini, una mita za ujazo 136 za udongo wa kutoa, nao ukishachimbwa hufumuka na kuwa mwingi zaidi. Kwa tipa ya mita za ujazo 10 hizo ni safari zisizopungua 14 za kutoa, na nyingine kama hizo za kuleta moramu na mawe. Pahali udongo mweusi una kina cha mita moja na nusu, ongeza nusu juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, walipe vibarua wachimbe mashimo mawili au matatu kwenye ploti, pembe tofauti, mpaka wagonge pagumu. Mwite mhandisi ayaone. Ploti iliyo bei nafuu yenye mita mbili za udongo mweusi inaweza kukugharimu zaidi ya ile ya jirani uliyoiona ghali.

Mbali na udongo, nikague nini kuhusu ploti?

Hati kwanza. Kwa Nairobi, upekuzi wa hati hufanywa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa mtandaoni uliozinduliwa mwaka 2021. Jina la muuzaji, ukubwa wa ploti, na kama kuna mkopo au zuio, vyote vilingane na unachoambiwa. Kisha mpima ardhi akuonyeshe vigingi vya mipaka ukiwa umesimama hapo hapo. Bajeti ya ununuzi iwe na wakili na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani.

Angalia mto. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia nyumba za maskini na za matajiri, na baada yake nyumba nyingi zilizokuwa kando ya mito zilibomolewa. Ukiona mkondo wa maji karibu, hata uliokauka, uliza kabla ya kutoa hata shilingi.

Nahitaji vibali gani kwa nyumba ya chini tu?

Vilevile vya majengo mengine. Michoro ya msanifu na ya mhandisi hupelekwa kwenye kaunti kupitia mfumo wa mtandaoni, na wanaoipeleka ni wataalamu waliosajiliwa. Wanasajiliwa na bodi zao: wasanifu na wakadiriaji majenzi na BORAQS, wahandisi na EBK. Majina yao yako kwenye orodha za bodi hizo, kwa hiyo thibitisha mwenyewe. Kaunti ikishaidhinisha, mradi husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, na msanifu wako atakuambia cha kuwasilisha NEMA, mamlaka ya mazingira. Nyumba ikikamilika, unachukua cheti cha kuruhusiwa kuikalia.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: Ruiru iko Kiambu, Syokimau iko Machakos, Kitengela iko Kajiado. Unaweza kufanya kazi katikati ya jiji na kuita kwako Nairobi, lakini michoro yako ikaidhinishwa na kaunti nyingine yenye ada zake. Utawala na Ruai ziko ndani ya Nairobi.

Kenya pia ina kanuni mpya ya ujenzi, iliyotangazwa mwaka 2024 na kuanza kutumika Machi 2025, ikichukua nafasi ya ile ya mwaka 1968. Mchoro uliochorwa zamani na kulala kwenye droo upitiwe upya kabla hujachimba.

Ukiruka vibali, kanjo (askari wa kaunti) au NCA wakija watasimamisha kazi vibarua wakiwa wameshafika na simiti imeshafunguliwa. Siku za kusimama unazilipia wewe.

Nimepata ramani ya bure mtandaoni. Siwezi kuitumia?

Unaweza kuitumia kumwonyesha msanifu unachopenda. Ramani ile haikuchorwa kwa ploti yako. Haijui barabara iko upande gani, jirani amejenga wapi, maji ya mvua yanateremkia wapi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo jua la asubuhi hupiga upande wa mashariki na la jioni upande wa magharibi mwaka mzima. Sebule yenye kioo kikubwa kinachotazama magharibi itakuwa moto kila jioni. Nyumba hiyo ikigeuzwa ili upande mrefu utazame kaskazini na kusini inakaa vizuri bila hata feni. Kuigeuza kwenye karatasi hakugharimu lolote.

Kati ya bangalo na nyumba ya ghorofa moja, ipi nafuu?

Kwa ukubwa uleule, bangalo lina msingi mpana na paa pana, ilhali ghorofa ina slebu (sakafu ya zege) ya juu, nguzo na ngazi. Kwa nyumba ya mita mraba 90 hadi 130 ningejenga bangalo bila kusita: kazi ni rahisi kusimamia, makosa yake ni rahisi kurekebisha, na wazee hawapandi ngazi. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mita mraba 464 hivi, kwa hiyo nyumba ya mita mraba 93 inachukua kama sehemu moja ya tano tu. Ploti ikiwa ndogo zaidi, au familia ikiwa kubwa, hapo ghorofa inaanza kuwa na maana. Kama unafikiria kuipandisha baadaye, mwambie mhandisi sasa hivi, maana msingi wa bangalo haubebi ghorofa kwa maombi.

Zile milioni 4.2 za nyumba zinagawanyika vipi?

Kama ardhi si ya matatizo, ningeanza hivi: msingi hadi slebu asilimia 18, yaani 756,000. Kuta hadi mkanda wa zege wa juu asilimia 17, yaani 714,000. Paa asilimia 15, yaani 630,000. Jumla 2,100,000, nusu kamili. Nusu nyingine ni umaliziaji: nyaya za stima, mabomba, plasta, madirisha na grili, milango, dari, vigae, rangi, vyoo, kabati za jikoni na za vyumbani.

Nusu hiyo ya pili ndiyo inayoumiza watu. Nyumba ikiezekwa inaonekana imekaribia kuisha, majirani wanapongeza, nawe unaanza kupanga siku ya kuhamia. Kumbe umefika nusu ya pesa. Tena msingi na paa havina ubishi mwingi wa bei, lakini umaliziaji una bei za kila namna: kigae cha 900 na cha 3,500 kwa mita mraba vinakaa rafu moja dukani. Chagua vigae, vyoo, taa na aina ya madirisha kabla ya kuchimba msingi. Zunguka madukani na daftari, andika bei, mpe mkadiriaji aziingize kwenye BQ. Utajua mapema kama graniti ya jikoni inakutosha au utaanza na vigae.

Simiti, mchanga, mawe na vyuma: nitajuaje nahitaji kiasi gani na sijaibiwa?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa huvuja polepole bila mtu kuona.

Zege la slebu kwa kawaida huchanganywa 1:2:4, simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mita ya ujazo moja ya mchanganyiko huo hula mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50. Slebu ya mita mraba 93 yenye unene wa milimita 150 ni mita za ujazo 14, yaani mifuko 90 hivi. Fundi akikuitisha 130, muulize 40 zinakwenda wapi. Akikuitisha 60, muulize zaidi, maana anapanga kukujengea zege dhaifu.

Mawe ya mashine ya Ndarugu huuzwa kwa futi. Kwa jiwe la inchi 9 kwa 9, mita mraba moja ya ukuta hula futi 13 hadi 14. Pima eneo la kuta, toa milango na madirisha, zidisha, ongeza kidogo kwa yanayovunjika. Lori likifika, hesabu kabla ya kushusha. Chagua pia jiwe moja, ligonge kwa nyundo: lililo zuri hulia, bovu hutoa sauti iliyokufa na kumomonyoka pembeni.

Vyuma ni urefu wa mita 12. Cha D12, yaani chenye kipenyo cha milimita 12, kilicho halali kina uzito wa kilo 10.6 hivi, D10 kilo 7.4, D8 kilo 4.7. Vipo vinavyouzwa vikiwa vyembamba kuliko jina lao, na kwa macho huwezi kujua. Beba mizani ya kuning'iniza, pima kimoja mbele ya muuzaji.

Mchanga una mitego miwili, kipimo na uchafu. Tipa inaambiwa tani fulani na mzigo umejazwa ukiwa umelowa na umepanda kama kilima katikati huku pembeni ni mtupu. Nunua kwa karatasi ya mizani, au panda juu uusawazishe na kupima urefu, upana na kimo cha mchanga wenyewe. Kwa uchafu, chukua chupa ya kioo, jaza mchanga hadi karibu nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uiache saa tatu. Matope yatatulia juu ya mchanga kama utando wa kahawia. Yakizidi karibu asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Dereva atalalamika. Mwache alalamike.

Usinunue simiti ya miezi mitatu mbele. Hushika unyevu na kuganda, hasa ikilazwa sakafuni bila mbao chini. Nunua ya kazi ya wiki.

Nimpe kontrakta kila kitu au ninunue vifaa mwenyewe na nilipe ufundi tu?

Inategemea muda wako. Ukiweza kufika saiti karibu kila siku na unajua bei, kununua vifaa mwenyewe hukuokolea faida ambayo kontrakta angeweka. Kama uko ofisini kutoka asubuhi mpaka jioni, akiba hiyo huliwa na simiti inayopotea, vibarua wanaongoja mchanga, na safari za bodaboda kuleta misumari.

Vyovyote iwavyo, makubaliano yawe kwenye karatasi, na malipo yafuate kazi iliyokamilika. Gawa ufundi kwa hatua: msingi, slebu, kuta, paa, plasta na kadhalika. Kila hatua ilipwe ikishakaguliwa na mhandisi. Usilipe hatua ya mbele kwa sababu fundi ana msiba au ana karo. Msaidie kama binadamu ukitaka, kwa pesa nyingine na kwa kiasi kidogo, lakini ratiba ya malipo isiguswe. Fundi aliyelipwa mbele ya kazi ana sababu ndogo ya kurudi kesho. Lipa kwa M-Pesa au benki ili kila shilingi iache alama.

Kontrakta awe na usajili wa NCA unaolingana na kazi. Madaraja ni 1 hadi 8, na la 8 ndilo la chini.

Niko ng'ambo na kaka yangu ndiye atakayesimamia. Ushauri?

Mpende kaka yako kwa kutomwachia pesa zote. Fungua akaunti na hadiwea moja au mbili uwalipe moja kwa moja. Mwajiri mhandisi aende saiti kwenye hatua zilizotajwa na akutumie ripoti yake, mbali na ya kaka. Omba picha za vitu vitakavyofunikwa: kina cha mtaro kukiwa na tepu ndani, vyuma kabla ya zege, karatasi ya nailoni na wavu wa chuma wa BRC kabla ya slebu, mabomba kabla ya plasta. Kilichofunikwa bila picha hakiwezi kukaguliwa tena bila nyundo. Na mlipe kaka. Anayeacha shughuli zake kukusimamia anastahili ujira unaojulikana, ili asilazimike kujitafutia.

Paa lililofichwa nyuma ya ukuta linapendeza. Ni nafuu kuliko la kawaida?

Mabati yake ni ya kawaida na mbao ni chache, kwa sababu halionekani wala halihitaji mwinuko mkubwa. Lakini unajenga ukuta wa ziada kuzunguka nyumba nzima, unaupiga plasta pande zote mbili, na unatengeneza mfereji wa ndani wa kupokea maji. Mfereji huo ndio roho ya paa hilo. Nairobi ina mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na mvua moja ya Aprili yenye mawe inaweza kuujaza kwa dakika chache. Majani ya mti wa jirani yakiziba tundu, maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari yako ya jipsamu.

Ukilitaka, gharimia mambo manne bila kupunguza: mteremko wa kutosha, mfereji mpana, matundu ya kutolea maji zaidi ya moja kila upande pamoja na tundu la dharura juu yake, na dawa ya kuzuia maji iliyopakwa na anayeijua kazi hiyo. Weka pia ngazi ya kupandia kufagia. Kama hizo zinakuzidi, paa la kawaida lenye michirizi inayomwaga maji nje ya ukuta halina aibu. Lina usalama.

Naweza kupunguza wapi bila kuharibu nyumba?

Kwenye umbo. Kila kona ya ziada ni mawe ya kukata, vyuma vya kukunja, na kiungo kingine kwenye paa. Nyumba ya mstatili ni nafuu kuliko ile yenye kona 14. Panga jikoni, bafu na vyoo viwe karibu ili mabomba yawe mafupi. Punguza korido. Acha kabati za wageni, kabro na mapambo ya ukutani yaje baadaye.

Kuna pia njia nyingine za kuta. Matofali ya kushikana hupunguza simiti ya kuunganishia na plasta, lakini udongo mweusi haufai kuyatengenezea, unahitaji mwekundu. Shirika la Kitaifa la Nyumba lina kiwanda cha paneli za EPS (povu jepesi lenye wavu wa chuma) huko Mavoko, nazo huenda haraka, ila tafuta fundi aliyewahi kuzijenga.

Usipunguze msingi, vyuma, dawa ya mchwa chini ya slebu, nyaya za stima, wala maji ya kunyweshea zege. Slebu inyweshewe asubuhi na jioni kwa siku saba angalau. Ni kazi ya mtu mmoja na mpira wa maji, na huku Nairobi jua na upepo wa Januari hukausha zege upesi mno.

Kwa nini umetenga 900,000 za nje? Si ni ukuta tu?

Pima ukuta huo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzunguko wa futi 300, mita 91. Kwa kimo cha mita 2.1 ni mita mraba 191 za ukuta. Kuta za nje za nyumba yenyewe ya mita mraba 93, kwa kimo cha mita 3, hazifiki 120 hata kabla ya kutoa madirisha. Ukuta wa ploti ni mkubwa kuliko wa nyumba, na bado una msingi na nguzo zake. Ndiyo maana wengi hutumia jiwe jembamba la inchi 6, au huanza na mabati na mbao kisha hujenga wa mawe wakishahamia. Ongea na majirani pia, maana ukuta wa mpakani mnaweza kugharimia pamoja mkiandikiana.

Halafu kuna maji. Maji ya jiji huja kwa zamu mitaa mingi, kwa hiyo tangi la lita 10,000 si anasa. Pale ambapo bomba la majitaka halijafika utahitaji tangi la septiki au bayodaijesta, tangi ambamo bakteria huvunjavunja uchafu. Kwenye udongo mweusi shimo la kunyonya maji hunyonya kwa shida, likifurika utaita eksosta, lori la kunyonya majitaka, kila mara. Mwambie mhandisi alipimie ardhi yako kabla hajalichora. Kisima cha kuchimba kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Stima iombwe mapema, na nyaya za ndani zifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi.

Nichukue mkopo wa Sacco?

Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio ni ya kawaida. Milioni 2 kwa riba hiyo, ukilipa kiasi sawa kwa miaka mitano, ni kama 44,500 kila mwezi, na riba yote inafika 669,000. Jiulize kama unaweza kulipa hiyo pamoja na kodi ya unakoishi, kwa sababu nyumba haijawa ya kukalika.

Ushauri wangu ni kutumia akiba kwa msingi na kuta, na kuchukua mkopo ukiwa tayari kuezeka na kumaliza. Ukiuchukua mwanzoni, unalipa riba ya pesa zinazosubiri zege likomae. Zaidi ya hayo, ukikwama kwenye kuta bila deni unaweza kupumzika mwaka mzima ukajipanga. Funika tu kuta juu mvua isiingie kwenye viungo.

Mwezi gani ni mzuri kuanza?

Chimba msingi Januari, au Juni hadi Septemba. Mtaro ukijaa maji ya Aprili utalipia kuyatoa, na kingo zikiporomoka utalipia kuchimba tena. Lenga uwe umeezeka kabla ya mvua inayofuata.

Nyumba imeisha, fundi anataka salio lake lote. Nimpe?

Makubaliano yawe yalisema mapema kwamba unabakiza asilimia 10 ya kila malipo ya ufundi. Nusu yake mpe akikabidhi nyumba, nusu baada ya miezi sita. Kabla ya makabidhiano, fungua bomba zote kwa pamoja, washa kila taa na kila soketi, mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu uone kama yanaelekea kwenye tundu, funga na ufungue kila dirisha. Yaliyo na kasoro yaandikwe kwenye orodha moja, nyote wawili msaini. Miezi sita itapita na angalau msimu mmoja wa mvua ndani yake, na hapo ndipo paa, mfereji na pembe za madirisha zitaonyesha kama kazi ilifanywa sawasawa. Zikiwa sawa, mtumie fundi pesa zake siku hiyo hiyo.